Mstari Uliozidi Ukurasa wa Pili

Wanafunzi wake chuoni walimwita Bi Wastani, na kimoyomoyo alilipenda jina hilo kuliko cheo chake. Alianza kama mtafiti wa elimu, akasogea taratibu kwenye uchumi, hadi akawa mtu wa kuiuliza serikali inavuna nini kwa kile inachokipanda madarasani. Sebuleni kwake vitabu vilikalia viti, na mgeni akifika ilibidi rundo moja lishushwe sakafuni. Mumewe aliwaambia watu kwamba ameoa maktaba, tofauti ni kwamba hii inakoroma.

Kazi iliyompa umaarufu ilihusu shule ndogo. Alifuatilia zile zilizounganishwa na shule kubwa za jirani, akaona watoto wanafaidika: walipata mwalimu wa hesabu anayejua hesabu, maabara, na vitabu ambavyo havijachanika. Jarida likauchapisha utafiti huo. Wizara nayo ikaomba muhtasari wa kurasa mbili, kwa kuwa wakubwa hawasomi zaidi ya hapo. Hapo ndipo watu wa kazi yake hutoka jasho. Alikata huku, akabana kule, na bado mstari mmoja ukaangukia ukurasa wa tatu. Mstari huo ulisema matokeo yanahusu shule ambazo mtoto anaweza kutembea kutoka moja hadi nyingine. Hilo si kila mtu atalielewa tu? Akaufuta, karatasi ikakaa vizuri, akaituma.

Dada yake mkubwa, aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya madarasa machache nyuma ya vilima. Siku moja alimtokea mlangoni bila taarifa, viatu vimejaa vumbi.

"Hodi! Au siku hizi mpaka nipige hesabu ndiyo nifunguliwe?"

"Karibu, dada. Ngoja nikutolee vitabu kwenye kiti."

"Viache vikae, vimechoka kuliko mimi. Shule yangu inafungwa, mdogo wangu. Watu wa wizara wamekuja. Muhula ujao watoto wote waende shule ya mjini."

"Mjini? Mtoto wa darasa la kwanza atafikaje mjini?"

"Unaniuliza mimi? Nilipowauliza wao, walinionyesha jina lako."

Bi Wastani aliukumbuka ule mstari alioufuta.

"Kwenye chapisho lenyewe nimeliandika hilo, dada. Wazi kabisa."

"Na nani kalisoma?"

Bi Wastani akashusha vitabu kwenye kiti hata hivyo.

"Kamati ya kuunganisha shule inakaa wiki hii," dada yake alisema. "Umeitwa, nami nitakuwepo. Sema walichopaswa kusoma. Sikuombi zaidi ya hapo."

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa mkurugenzi wa taasisi yake, mzee mcheshi ambaye hakuwahi kuonekana bila kikombe cha chai mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akapuliza chai yake.

"Mama, usijichome kwa moto wako mwenyewe. Ukisema umekosea mahali pamoja, watasema umekosea pote. Zipo shule jirani zinazosubiri kuunganishwa, na watoto wake watafaidika kweli. Unataka kuwaangusha na hao?"

"Na wa nyuma ya vilima?"

"Hao waandikie makala ya pili. Mwakani."

Alicheka mwenyewe, na kilichomuudhi Bi Wastani ni kwamba sehemu ya kwanza ya maneno yale ilikuwa kweli tupu. Siku zile hakula vizuri. Mumewe alimsemesha, akajibiwa mhm. Alijua kunyamaza kungemgharimu dada yake shule, na kusema kungewagharimu watoto asiowajua.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Feni ilizungusha joto lile lile. Dada yake alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani, bila kumtazama.

"Mtaalamu," mwenyekiti wa kamati alisema, "hebu tueleze kwa ufupi."

"Ufupi ndio uliotufikisha hapa, mheshimiwa. Naomba leo niseme kwa kirefu."

Watu wakacheka, akangoja wanyamaze. Akaeleza shule alizozipima na umbali wake, akaeleza kwamba za mbali hazikuwemo kabisa.

"Kwa hiyo utafiti wako una makosa?"

"Utafiti hauna kosa. Kosa liko kwenye muhtasari, na muhtasari niliuandika mimi. Niliondoa mstari ili muhtasari utoshe kwenye kurasa mbili."

"Yaani uliwafuta watoto ili karatasi itoshe?" sauti ya mwanamume ilimrukia kutoka pembeni. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alinong'ona na wenzake, kisha akagonga meza. "Tunasimamisha yote. Za karibu na za mbali. Hatuunganishi shule yoyote mpaka tuelewe tunafanya nini."

"Za karibu hazina tatizo, mheshimiwa—"

"Umeshasema, mama. Tumekusikia."

Nje dada yake alimkumbatia kwa nguvu. "Umeiokoa, mdogo wangu. Haya, twende nyumbani ukale, umekonda kama penseli."

Kabla hawajapiga hatua, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akawasimamisha, akamgeukia Bi Wastani.

"Samahani, mwalimu. Shule yetu imepakana na ile kubwa, ni kuvuka uwanja tu. Mtoto wangu mkubwa alikuwa aanze huko, kwetu hakuna mwalimu wa hesabu tangu mwaka juzi. Na sisi je?"

Bi Wastani alimtazama dada yake, kisha yule mama. Alimpa dada yake mkoba wa kwake aushike.

"Tangulia, dada," alisema. "Wewe mama, njoo nami."

Wakarudi ukumbini. Wajumbe walikuwa tayari wanakusanya karatasi zao, na mwenyekiti, alipomwona anarudi, alianza kutikisa kichwa kabla hajafika mezani.