Fundi Cherehani na Gari Lisilopiga Mluzi

«Katika hii gari, kitu ya maana kupita zote njo gani?» Niliulizwa swali hilo miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha gari jekundu la milango miwili lililokuwa limeingia kambi ya Dzaleka dakika ileile, injini ikiwa bado inanguruma taratibu. Nilijibu injini. Mwenye gari akatikisa kichwa. Nikajibu turbo, kisha breki, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na magoti yaniuma, nikajibu dereva. «We mademoiselle ya maswali,» akasema, «siku moja utanijibu.» Sikumjibu. Wiki tatu zilizopita presha ilimpiga akiwa kwenye cherehani yake, mguu ukiwa bado juu ya pedali, na kabla ya jua kuzama alikuwa ametutoka. Ninyi mnaosoma safu hii mnamjua, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia sitalitaja. Ni yule mzee tuliyemwita papa wa gari. Ni yule niliyewafanya mumcheke.

Kwa ambao hamkumwona: alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwembamba, wa kuvaa koti hata Oktoba jua linapochoma mabati. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda chake Chilinde, mjini Lilongwe, akishona sare za shule na nguo za kwaya, na muda wote uliobaki aliupeleka mtaa wa Kauma, kwenye uwanja wa rafiki yake mmoja Mmalawi, mchomeleaji, ambako gari lilikuwa juu ya matofali. Alilipata likiwa limepondeka ubavu mmoja, bila viti, bila turbo. Zamani, kijana bado, aliwahi kushona viti vya gari kama hilo la mfanyabiashara mmoja wa Bukavu, na mwenye gari akampandisha mlima mara moja tu, kumshukuru. Turbo ikapiga mluzi. «Toka ile siku,» aliniambia, «masikio yangu haiyashiba.» Mimi nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya uchumi na swali moja kwa kila mtu: ya nini? Mkimbizi asiyejua kama mwakani ataruhusiwa kulala mjini, gari la mbio ni la nini? Akimbie aende wapi? Nilimwuliza hivyohivyo, bila adabu. Akanipa tochi, akaniambia nimulike.

Nikamulika Jumamosi nyingi. Turbo, alinifundisha, ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Likizunguka linasukuma hewa zaidi ndani, na injini yenye hewa nyingi ni injini yenye nguvu. «Moshi yenye bantu wote banatupa, huyu anaifanyisha kazi,» alisema, kana kwamba anamsifu jirani mchapakazi. Kulikuwa na kipindi gari lilikosa nguvu kwa miezi minne. Mafundi wawili wa mjini walikuja, wakasikiliza, wakatamka kwamba turbo imekufa. Yeye hakubishana nao. Alikata vipande vya uzi mweupe, urefu wa kidole, akafunga kimoja kwenye kila kiungo cha mabomba ya hewa, kisha akamwomba mchomeleaji akanyage mafuta. Mimi nilikuwa nimeinama na tochi yangu. Nyuzi zote zilitulia isipokuwa mmoja, chini kabisa, ambao ulitikisika kidogo sana, kama sharubu za panya. «Unaona?» akasema. «Iko nasema.» Hewa ilikuwa inavuja hapo. Akachukua karatasi ngumu, akaibandika juu ya chuma, akaipaka chaki mpaka umbo likajitokeza, akalikata kwa mkasi wake wa vitambaa ambao hata mke wake hakuruhusiwa kuugusa. Kipande hicho kilikaa pale kama kola shingoni. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeduwaa, na sikutaka mama ajue sababu.

Kuna jambo moja tu katika ufundi wake alilolizungumza kwa hofu. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kushoto kilikuwa na kovu la shimo, limepita upande hadi upande. Alipokuwa anajifunza kazi, sindano ilikishona. «Mkono ilisema simama,» alinieleza, «kichwa ilisema simama, mguu ikaendelea. Mguu haina masikio, mademoiselle. Ikishapenda pedali, haisikii mutu.» Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu kwa sababu yalinichekesha.

Kisha likaja agizo la wakimbizi wote wa mjini kurudi kambini. Mnakumbuka wenyewe siku zile, sina haja ya kuzisimulia. Kibanda cha Chilinde kilifungwa. Gari nalo likatolewa Kauma, kwa sababu kuliacha bila mwenyewe kungelifanya linyofolewe kipande kwa kipande kama kuku wa harusi. Siku moja kabla ya safari, lori la jirani zetu lilikuwa limekwisha kujaa magodoro na watu, nafasi yangu ikakosekana; kesho yake mama akatangulia nalo, mimi nikapewa kiti cha mbele cha gari jekundu. Cherehani ilikuwa nyuma yangu, vitabu vyangu vilikuwa juu ya magoti. Nakiri nilifurahi. Mpaka wakati huo nilikuwa nimelisikia gari lile likinguruma uwanjani tu. Barabarani alilitoa Jumapili, na Jumapili mama hakuniruhusu kukosa ibada. Sasa ningeona. Miaka yote alikuwa akiwaambia wateja wake wa Dzaleka kwamba siku gari likija, watalisikia toka kwenye njia panda ya Dowa.

Tulitoka Lilongwe kwa mwendo wa maandamano. Kabla ya Lumbadzi tulipitwa na basi dogo lililobeba kitanda juu. Baada ya Lumbadzi tulipitwa na pikapu. Kwenye kilima kimoja, gari la mbio likiwa linahema, lori la mkaa lilitokea nyuma, likapiga honi, likatupita, na kijana aliyekaa juu ya magunia akatuinamia akapaza sauti: «Tikankhe?» Yaani, tuwasukume? Nilicheka mpaka vitabu vikaanguka. Papa alimpungia mkono yule kijana na kumshukuru, «Zikomo, bwana! Labda kesho!» Mikono yake yote miwili ikarudi kwenye usukani. Nilimwuliza kama gari linaumwa. «Iko muzima,» akasema. Nikamwuliza, basi mluzi uko wapi? Akasema, «Angalia barabara, mademoiselle, iko na ng'ombe.»

Dzaleka walikuwa wanatusubiri, na si wachache. Wengine walikuwa wamesimama tangu asubuhi ili wasikie. Gari likaingia polepole, kimya, vumbi likilitangulia. Mwanamume mmoja akaanza: «Papa, hii mashine ya kusaga muhindi uliipataga wapi?» Mwingine: «Na mluzi? Mluzi iko wapi?» Mama mmoja muuza mandasi akapokea bila kupumua: «Imebakia Kauma, itafika na baiskeli ya kabaza!» Watu walishika mbavu. Yeye alicheka pamoja nao, kicheko cha kweli, na hakuzima injini. Gari la turbo halizimwi ghafla; linaachwa lipumue dakika chache. Ni katika dakika hizo ndipo aliponiuliza lile swali.

Wiki iliyofuata niliandika. Safu ile ilisomwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na naijua sababu: ilikuwa ya kikatili na ilikuwa ya kuchekesha. Nilisema gari la mbio la mzee wetu limeahidiwa kusukumwa na lori la mkaa. Nilisema tunapaswa kujifunza kudai ushahidi kabla ya kupiga makofi. Siku mbili baadaye alinikuta sokoni, gazeti limekunjwa mfukoni mwa koti. Nikajiandaa. «Umeandika vizuri,» akasema. «Lakini umekosea kitu moja.» Nikadhani sasa anajitetea. «Umesema silinda sita. Iko ine.» Akaniaga, akaenda zake. Sikuchapisha sahihisho. Nalichapisha leo: zilikuwa silinda nne.

Kuanzia hapo gari likakaa kando ya nyumba yake chini ya turubai aliloshona mwenyewe kwa magunia. Alibadilisha oili, alisafisha, alikaza nati moja moja. Hakuna aliyekuja tena kusikia. Mara kadhaa lilibeba mama mjamzito hadi hospitali, taratibu, na lilipopita watoto walipiga mluzi kwa midomo, wakisema wanalisaidia. Nami nilikuwa nikimtazama na kujiuliza, mtu huyu ana aibu au hana? Jina la fundi ndilo duka lake. Lake nilikuwa nimelichana hadharani, na hakuinua hata sindano kulishona.

Nimefikiri sana kwa nini nilikuwa na haraka ya kutomwamini. Sisi tunaoishi hapa tumezoea kudaiwa ushahidi. Thibitisha ulikimbia. Thibitisha ulisoma. Thibitisha huyu ni mkeo na hawa ni watoto wako. Tunabeba bahasha za plastiki zenye karatasi zetu zote, na mtu asiye na karatasi anaonekana hana maisha. Nilidhani kuuliza kwangu kulitoka chuoni. Nahofia kulitoka kwenye foleni. Nilikuwa nimejifunza kukaa upande wa pili wa meza ya wanaodai karatasi na kumwambia mzee wa watu: lete. Yeye alikuwa na ushahidi, na alikataa kuuleta.

Siku ya nane baada ya mazishi, mjane wake aliamua gari lirudi Kauma kwa yule mchomeleaji. Nilikuwepo alipokuja na betri na koleo. Akafungua boneti, akainamisha kichwa ndani, kisha akaniita: «Dada, bwera uone.» Nikamulika kwa simu, kama zamani. Pembeni ya turbo kuna kilango kidogo cha chuma. Nguvu ikizidi kinafunguka, moshi unapita kando bila kuzungusha kitu, na injini inaokoka isijipasue. Kikiachwa wazi muda wote, turbo inalala tu, na gari la mbio linakuwa mashine ya kusaga. Kilango kile kilikuwa kimefungwa kwa waya, kikiwa wazi. Waya ulikuwa umezungushwa mara tatu, ukapigwa fundo, na ncha yake ikakunjwa ndani isije ikamchoma atakayeshika baadaye. Fundo hilo nalijua. Liko kwenye pindo la kila sare aliyowahi kunishonea.

«Iwe, sudziwa?» yule mchomeleaji alishangaa. «Hukujua? Wewe, mtu wa gazeti?» Akakata waya, akanipa. Ilikuwa asubuhi, barabara ya kutokea ilikuwa tupu, akaniambia nipande. Alipokanyaga, kwanza nilisikia kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa mluzi, na mashamba ya pande zote mbili yakaanza kukimbia nyuma. Mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti alichokishona yeye. Kila kiungo kilichowahi kuvuja kilishika. Kile kipande cha karatasi alichokikata kwa mkasi wa vitambaa kilikuwa mahali fulani mbele yangu, kinazuia hewa yote ile. Tuliporudi hatukuzima. Tulikaa tukaliacha lipumue.

Najua mtakachouliza, kwa sababu nilikiuliza mimi: mbona asingekanyaga kidogo tu, bila kufunga waya? Jibu liko kwenye kidole chake chenye shimo. Aliujua mguu wake. Wasiopenda kitu hawana haja ya kujifunga. Yeye alikipenda, akajifunga kabla ya kuingia barabarani, kisha akaacha tumcheke miaka mitatu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku zote nilidhani methali hiyo ilitungwa na waoga. Sasa naona kwamba nguvu ya fundi si ile anayotuonyesha. Ni ile anayoweza kuishika mkononi, aifunge fundo, na aikunje ncha isimchome mtu. Nitaendelea kuuliza, ndiyo kazi yangu. Ila nitajifunza kumwacha mtu asinijibu.

Waya uko mezani kwangu ninapoandika. Kabla hatujaachana, yule mchomeleaji aliniambia kwamba Jumapili zote za Kauma gari lile lililia mpaka mbwa wakajificha, na kwamba lilifungwa ule waya siku moja tu kabla ya safari yetu. Alimwuliza rafiki yake kwa nini analinyamazisha siku ambayo Dzaleka nzima inasubiri kulisikia. Akamjibu kwa Kichewa chake kibovu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye injini: «Mawa ndinyamula munthu.» Kesho nabeba mtu.