Kumbikumbi wa Mama Siku ya Wazazi

Nichekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu hata mimi nikikumbuka nafunika uso na leso, na hapa Kiriaini bado kuna akina mama ambao tukikutana sokoni wanatazama kikapu changu kwanza kabla ya kunisalimia.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na kwetu ni Kakamega, mbali huko magharibi. Huku ni baridi, ukungu unatoka kwenye majani chai unaingia hadi darasani, na mimi nimekaa huku nikimtamani mama, nikitamani jua la kwetu na mtu wa kuniita jina langu la utotoni. Asubuhi ya siku ya wazazi nilipokea kifurushi kutoka kwa mama: kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa wanaotoka ardhini mvua ikinyesha, amewakausha juani na kuwakaanga. Nilikuwa nimewangoja tangu mvua ianze. Nikaapa simgawii mtu, jioni nitawala na ugali nikijifanya niko jikoni kwa mama.

Sasa, siku hiyo wazazi walikuwa wanakuja kuona tunavyofundisha. Somo langu lilikuwa maneno ya sifa, na mimi nafundisha kwa mchezo: mtoto anaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa bila kuchungulia, anagusa kitu, anasema kikoje, wenzake wanabahatisha. Nilikuwa na jiwe la kuwa gumu, pamba ya kuwa laini, kijiko cha kuwa baridi. Kitu chepesi sikuwa nacho (puto lilikuwa limepasuka, na aliyelipasua ni mimi). Nikaona, aah, kumbikumbi ni wepesi, niweke kidogo tu, nani atajua? Kengele ikalia ndiyo kwanza nimefungua, nikatumbukiza kifurushi kizima kikiwa wazi.

Muthoni, msichana mwenye sauti ya kwaya, akaingiza mkono. "Ni kavu," akasema. Wazazi wakapiga makofi. "Ni nyepesi." Nikatabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo. Kisha akanikazia macho. "Ticha... iko na miguu."

Akaurusha mfuko juu. Kumbikumbi wakamwagikia kofia na mapaja ya akina mama waliokaa mbele, na shosho, yaani nyanya yake Muthoni, akapanda juu ya kiti (kiti cha mtoto, jamani!) akipiga kelele, "Ngai! Ati mwarimu anafuga mchwa kwa mfuko!"

Hapo ningenyamaza tu. Lakini mimi na kiherehere changu nikaokota mmoja, nikasema, "Ni chakula, jamani! Kwetu tunakula!" nikamtia mdomoni na kumtafuna wote wakiona. Watoto wakapiga mayowe. Na ile ladha, ya chumvi na moshi wa jiko la mama, ikanishika kooni, machozi yakanitoka nikashindwa kusema hata neno. "Amekabwa na hiyo mdudu! Leteni maji!" shosho akapaza sauti. Baba mmoja akanimwagia ndoo nzima ya maji ya kunawa mikono, mwingine akanipiga mgongoni hadi nikapiga magoti.

"Mwalimu Nekesa," mwalimu mkuu akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "fagia hapa, halafu uende ubadilishe nguo." Kumbikumbi walikuwa wamekanyagwa na kulowa. Niliwafagia kwa mkono wangu hadi shimo la takataka, nikalia tena, na safari hii hakuna aliyeleta maji.

Jioni mama akapiga simu.

"Wamefika?"

"Wamefika, mama."

"Umekula?"

"Nimekula." (Si uongo, nilikula mmoja.)

"Walikuwa wasafi? Macho yamekataa kabisa siku hizi, mwanangu. Mabawa nilikuwa nayatoa kwa kupapasa tu."

Nikamwambia walikuwa wasafi, watamu, wamenitosha. Tangu siku hiyo nimeapa, kitu cha mama hakiingii darasani tena. Na mvua ikianza tena sitangoja kifurushi. Nitaomba ruhusa niende nikae naye chini, tuyatoe hayo mabawa pamoja, na wakininyima ruhusa nitaenda tu.