Pengo la Kumi na Tatu na Nusu

Tanuru za chuma zilipozimwa kwenye bonde la Monongahela, Stanko Hrabovsky alibakiwa na vitu viwili: kiti chake pembeni mwa kaunta ya baa ya Pavlik, na chaki. Timu ya shule ya mji ilipokaribia kucheza mpira wa Kimarekani, yeye ndiye aliyeandika pengo ubaoni. Timu yenye nguvu hutozwa pointi kabla hata haijaingia uwanjani. Ukiibetia, kushinda tu hakutoshi, sharti ishinde kwa zaidi ya pengo. Ukiibetia timu dhaifu, unaongezewa pointi hizo. Nusu huwekwa ili pasiwe na sare. Pengo jema huigawa baa pande mbili, watu wakabishana mpaka bia ikaisha povu.

Zamani watu waliingojea namba yake kama mshahara. Sasa wana simu, na simu ina mapengo ya timu zote kubwa za nchi. Tena akaja Royce Tibbetts, mstaafu wa bima, mikono laini, anayesoma mapengo ya kwenye simu kama padri altareni. Na aliyemsikiliza akiwa ameachama ni Emil Petrack, aliyeshika koleo pamoja na Stanko tangu ujana wao. Kupoteza chaki Stanko angekusamehe. Kumpoteza Emil, hapana.

Mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, shule ya mji ikingoja kukutana na ile ya Dunmoor kama kila mwaka, Emil alimuuliza Royce pengo kwanza. Royce akapekua simu, akatikisa kichwa. Michezo ya shule haimo.

"Basi muulize mwenye mji," akasema Pavlik.

Stanko alijua kwamba pengo la haki ni sita na nusu. Lakini Royce alikuwa amevaa kofia mpya yenye rangi za shule. Mgeni huyu, Stanko akawaza, ataubetia mji kwa pengo lolote ili apendwe, kisha atapoteza. Akautoza mji kumi na tatu na nusu.

"Mzee, chaki imekuponyoka?" Pavlik akauliza.

"Anayeogopa akanywe maziwa."

Royce akautazama ubao, akasema kwa upole kwamba mji anaupenda, ila pointi nyingi hivyo haziachwi. Yeye yuko na Dunmoor. Dau ni lilelile la baa, sandwichi ya samaki.

"Mimi nachukua mji," Emil akadakia. "We Royce humjui huyu. Akiandika kumi na tatu, kuna alichokiona. Hajawahi kunidanganya."

Kitambaa cha ubao kilikuwa mkononi mwa Stanko. Kufuta kungekuwa kukiri mbele ya Royce. Akakitundika kitambaa msumarini.

Kesho yake mji ulishinda kwa pointi saba, magari yakapiga honi mpaka darajani. Saba haikufika kumi na tatu na nusu, Emil akamwagizia Royce samaki, kisha akaja pembeni mwa kaunta.

"Mazoezini ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Uliona kumi na tatu?"

Stanko aliangalia glasi yake. "Niliona sita."

"Hata mimi niliona sita, ndugu yangu. Nikayaacha macho yangu, nikashika yako."

Akarudi kwa Royce, ambaye alikwisha kuikata sandwichi na kumsogezea kipande. Samaki wa Pavlik ni mkubwa, huzidi mkate pande zote, hamalizwi na mtu mmoja. Kila Ijumaa, enzi za tanuru, Stanko na Emil walimla wawili.