Kiziwi Asiye Bubu

Ofisi tatu za shule za upande wetu, ambazo kwa miaka hazikuweza kukubaliana hata juu ya siku ya mtihani, zilipatana kufungua darasa moja la watoto viziwi mjini Baraka. Kila ofisi ilimtuma mkubwa wake kuchagua watoto. Walikaa watatu kwenye meza moja, kila mmoja na muhuri wake mbele yake kama sahani ya chakula.

Nilimleta mdogo wangu kutoka Lubondja. Alikuwa na miaka tisa. Homa ilimziba masikio akiwa na minne, lakini maneno machache aliyojifunza kwa mama hayakumtoka: maji, moto, njoo, na yaya, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. Wazazi walipokufa niliacha shule, na kila siku niliuweka mkono wake kooni mwangu ahisi sauti ikitetemeka, ayarudie maneno hayo, asije akayapoteza.

Zamu yetu ilipofika, aliegemea meza, akaniangalia. "Yaya, maji."

Wale watatu wakashtuka kana kwamba mbuzi ndiye amesema.

"Iko anasema!" akasema wa katikati. "Mama, hapa tunaandika kiziwi-bubu. Huyu si bubu."

"Papa, hasikii. Mumuite kwa nyuma."

Akapiga meza kwa kiganja. Mdogo wangu akageuka, maana meza ilitikisika chini ya viwiko vyake.

"Munaona? Anasikia pia!"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Sijaona ushirikiano mzuri kama ule: wajinga watatu, kosa moja.

"Kama anaweza kunyamaza," akaongeza kwa huruma, "mumurudishe kesho, tutaangalia."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza: "Mufunge kinywa, dada. Wangu nilimufundisha tangu jana."

Ningeweza. Kidole kimoja mdomoni, angeelewa. Lakini sauti ile niliilinda miaka mitano, na sikuwa tayari kuizima kwa ajili ya watu wasiojua tofauti ya sikio na ulimi. Kesho yake hatukurudi.

Jumatatu darasa lilipofunguliwa, nilimpeleka hivyo hivyo, bila jina lake kuandikwa. Mwalimu, mtu pekee aliyeijua kazi ile, na ambaye hakuna aliyemwita mezani, alipitisha kidole kwenye orodha.

"Huyu iko wapi kwenye liste?"

"Hayuko, mwalimu. Walimukataa. Anasema."

Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akawaashiria watoto wa benchi la mbele wasogee.