Mkebe wa Mama Waenda Mwezini

Shemeji yangu Omolo hatengenezi kompyuta, anazivisha. Ukimpelekea mashine ambayo feni yake imekufa, utarudishiwa ikipumua vizuri, lakini itakuwa imeota mabawa. Karani mmoja wa shule alienda kuchukua yake akakuta imepakwa rangi ya fedha na kuandikwa "Chombo cha Tatu". Aliondoka akinung'unika, na wiki iliyofuata akamleta mwenzake. Watu wa Rhonda, mtaa wake mjini Nakuru, wamemzoea. Babu yake aliletwa Nakuru na reli, baba yake akachomelea mabehewa, na yeye, kwa kuwa reli haikumtaka, akahamia anga za juu. Filamu za vyombo vya anga anazijua hadi anawatangulia waigizaji kusema.

"Boss, hii CPU yako imepoteza mawasiliano na dunia," huwaambia wateja, uso mkavu.

Dada yangu Jepkosgei alimpenda akiwa hivyo hivyo, kwa hiyo kuhusu hayo sina neno. Neno ninalo kuhusu mkebe.

Krismasi iliyopita walikuja kwetu Molo. Walipokuwa wakirudi, mama akawajazia maziwa katika mkebe wake wa aluminiamu, ule mrefu wenye shingo, akamwomba Omolo aurudishe upesi, kwa sababu ushirika haupokei maziwa yaliyobebwa kwa plastiki. Omolo akaitikia kwa heshima zote, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Kumbe yale macho yalikuwa yanaupima mkebe.

Januari ikaisha. Mama akapiga simu.

"Mama, iko kwa fundi, mkono ilikuwa imelegea," Omolo akasema.

Februari mkebe ulikuwa umekosa gari. Machi ulikuwa umeazimwa na kanisa. Mimi naendesha lori la viazi kutoka Molo hadi Nakuru karibu kila siku, kwa hiyo hilo la kukosa gari liliniudhi hasa. Wakati huo wote mama alikuwa akipeleka maziwa kwa jerikeni, anakataliwa, anarudi nayo. Tuliyanywa mpaka paka akasusa. Na ile pesa ya maziwa, ambayo ndiyo pekee mama huishika bila kumwomba mtu, ikakatika.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja nilishusha viazi Rhonda, nikaingia dukani kwake bila hodi. Mkebe wa mama ulikuwa umesimama mezani kwa miguu mitatu ya chuma, kofia ya bati iliyochongoka juu, taa za buluu zikizunguka ndani. Ubavuni alikuwa ameutoboa kama chujio ili kompyuta ipate hewa. Namba ya mama ya ushirika, niliyoiandika mimi mwenyewe kwa rangi nyekundu, alikuwa ameiacha ilivyo.

"Shem, cheki hiyo namba," akaniambia bila haya. "Inakaa ya roketi kabisa. Jumamosi naipeleka mashindano."

Nilitaka kumpiga. Halafu nikapata wazo zuri zaidi.

"Iko poa, shem," nikasema, nikaenda zangu kwa dada.

Jepkosgei alianza kucheka kabla sijafungua mdomo. "Mimi niliolewa na Omolo, sikuolewa na mkebe," akasema. "Mlete mama."

Jumamosi ukumbi mjini ulijaa vijana waliojizungushia karatasi za foili, kila mmoja na kompyuta aliyoigeuza kuwa chombo cha anga. Nikamketisha mama mstari wa pili, kitambaa kichwani, mwavuli mapajani. Nilikuwa nimemwambia tunakwenda kuuona mkebe wake. Habari za mwezi sikumgusia.

Omolo akapanda jukwaani na ovaroli nyeupe. "Hiki chombo," akatangaza, "kimetoka mwezini kikibeba watu saba."

Hapo akamwona mama. Mama alikuwa ameshainua mwavuli, kama mtu anayeomba nafasi katika mkutano.

"Niko na swali," mama akasema. "Hiyo kitu ilikuwa inabeba nini?"

Omolo angesema mafuta ya roketi, na ukumbi mzima ungemwamini.

"Maziwa, Mama. Ni mkebe yako."

Vijana wakaangua kicheko na makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mama akapanda jukwaani polepole, akaingiza kidole katika tundu moja, kisha katika jingine.

"Nilifikiria umeuza," akamwambia. "Ungeuza, tungenunua tena. Sasa umetoboa."

Makofi yakafa. Nilikuwa nimeingoja aibu ya Omolo kwa hamu, na ilipofika haikuwa na utamu wowote. Aliyeonekana mdogo pale juu alikuwa mama, kidole kikiwa bado kwenye tundu.

Jumatatu Omolo aliing'oa kadi ya picha, kiungo cha ghali kuliko vyote katika kompyuta ile, ile aliyokuwa akiipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe, akaiuza. Akanunua mkebe mpya, akapanda lori langu akiwa ameukumbatia. Aliukumbatia hivyo hadi Molo.

Mama aliupokea, akaujaza maji, akauzunguka kama anayechagua ng'ombe mnadani. Halikudondoka hata tone.

"Kesho utapeleka wewe," akasema.

Asubuhi Omolo alipanga foleni ya ushirika kwenye ukungu, viatu vyake vya mjini vimezama matopeni, mama nyuma yake na mimi nyuma ya mama, maana nisingekosa. Karani akayapima maziwa, akayapokea, kisha akamtazama Omolo juu hadi chini.

"Mama, huyu ni nani?"

Tangu harusi mama amekuwa akimwita "bwana ya Jepkosgei", hata akiwa amekaa naye meza moja. Nikatega sikio.

"Ni mtoto wangu," mama akasema. "Lakini ukimaliza, hiyo mkebe nipatie mimi. Usimpatie yeye."