Odile Anafumua Magari Yaliyokuwa Yaende Marekani

Saa kumi na mbili asubuhi ukungu wa mto Doubs bado umelalia mapaa ya kiwanda, na Odile Grosperrin amepiga magoti ndani ya gari jeupe lisilo na milango. Anafungua kiti cha dereva. Kila skrubu inayotoka anaitupa kwenye ndoo bila kuitazama.

"Hii niliifunga mwenyewe," anasema, akivuta moja iliyokaza. "Siku hiyo mgongo ulikuwa unaniuma, nikaitukana matusi yote ninayoyajua. Sasa naona aibu."

Odile ana miaka hamsini na saba. Ni fundi wa vitu vya ndani ya gari: viti, nyaya, dashibodi, mazulia. Karibu miaka sita iliyopita, yeye na wenzake katika karakana ya magari ya majaribio hapa Valbrenot, mashariki mwa Ufaransa, waliambiwa waunde magari machache ya kufungua tena soko la Marekani. Kampuni ilitoka kule zamani imefyata mkia, na tangu hapo kila bosi mpya alikuwa akitamani kurudi.

Mwezi wa Machi makao makuu yakatangaza kwamba mpango umefutwa. Magari yenyewe hayauziki Ulaya, maana taa, bampa na mambo mengine chungu nzima yalifuata sheria za kule. Kwa hiyo yanafumuliwa, kisha yanapelekwa kwenye mashine ya kuponda. Na kazi ya kuyafumua wamepewa walewale walioyaunda. Sijui ni nani aliyekaa ofisini akaona hilo ni jambo la kawaida.

Baada ya hili jeupe litabaki moja tu, la bluu. Odile ameomba kitu kimoja: kabla halijapondwa, baba yake alipande.

Mzee Anselme, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa fundi wa usukani katika kiwanda hikihiki. Alifunga usukani wa magari yaliyopakiwa melini kwenda Marekani enzi zile, na alikuwepo siku lilipopakiwa la mwisho. Tangu Odile amwambie kwamba wanarudi, kila Jumapili, kabla hata viazi na soseji ya moshi havijafika mezani, mzee alikuwa na swali lake: "Lini yanavuka?"

Saa tatu kazi inasimama, watu wanakata mkate. Régis Faivre, fundi wa rangi ambaye mdomo wake haulali, anamgonga Odile kiwiko.

"Mwambie mwandishi habari za kikombe."

"Wewe Régis, tafuna mkate wako unyamaze."

"Basi nitasema mimi, na nitaongeza chumvi."

"Aa, wewe hapana. Utaharibu." Odile anaweka kisu chini. "Mwanzoni kabisa mtu mmoja aliuliza: Mmarekani ataweka wapi kikombe chake? Mainjinia wakacheka. Karakana nzima ikacheka. Nani anakunywa kahawa huku anaendesha?"

Kwetu kahawa hunywewa umesimama kaunta au umeketi mezani. Anayeinywa barabarani huonekana sawa na anayekula mlo wake chooni. Gari la kwanza likapelekwa kule, watu wakalijaribu. Viti walivisifu mpaka basi. Halafu, anasema Odile, kila mmoja akabaki na kikombe mkononi, anageuka kushoto na kulia kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa.

Mahali pa kukiweka palikuwa pamekaliwa na breki ya mkono. Ikabidi sehemu yote ya katikati ichorwe upya, na kazi hiyo ikala zaidi ya mwaka.

"Ndani ya mwaka huo ushuru ukapanda, mabosi wakabadilika, mlango ukafungwa," anasema Odile. "Kwa ajili ya kikombe!"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msemaji wa kampuni ana maelezo mengine: ushuru, ukosefu wa mawakala, na wanunuzi wa kule kupenda magari makubwa na ya juu. Pengine yuko sahihi. Lakini Odile haamini, na Régis anapoona mwenzake hacheki, naye anaacha kucheka.

Mkuu wa karakana, Bi Hélène Vuillemin, anapita akiwa na koti lake begani. Odile anasimama.

"Bi Vuillemin, lile ombi langu."

"Odile, unanitafutia balaa. Gari halina bima, halina namba."

"Ni humu humu uwanjani. Mzunguko mmoja tu."

"Na mzee akianguka?"

"Ana miaka themanini na sita. Hata jikoni kwangu anaanguka."

Mkuu anajaribu kutocheka, anashindwa. "Ijumaa mchana. Nitakaa kiti cha nyuma. Likitokea lolote tunafukuzwa sote wawili."

"Mimi nimeshafukuzwa, Bi Vuillemin."

Mkuu anaweka sawa koti lake begani, anaondoka. Karakana inafungwa mwisho wa mwezi, naye pia hana pa kwenda.

Ijumaa mzee anafika amevaa tai. Haingii garini mara moja. Anainama dirishani, anashika usukani, anausukuma kidogo huku na huku.

"Nani kafunga huu?"

"Mimi, Baba. Aliyekuwa akifunga ameshahamishwa."

"Haujapinda," anasema mzee. Odile ananiambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusifiwa na baba yake zaidi ya hapo.

Odile anaendesha, mzee kando yake, wanazunguka polepole kwenye uwanja wa majaribio. Mzunguko unapokwisha, sauti ya Bi Vuillemin inatoka nyuma: "Endelea."

"Tuko wapi sasa?" mzee anauliza.

"Tunaingia Chicago, Baba."

"Mbona kuna ng'ombe?"

Wote wanacheka, kwa kuwa ng'ombe wapo kweli, wamepanga vichwa kwenye uzio. Kisha kicheko cha mzee kinageuka kilio. Analia waziwazi, mikono juu ya magoti. "Wangelipenda," anasema. "Gari zuri hivi, wangelipenda."

Mchana huohuo Odile anaanza kulifumua. Régis anataka kumsaidia, anamkatalia. Mzee naye anakataa kurudishwa nyumbani. Analetewa kiti, anakaa pale mpaka magurudumu yanapotolewa.

Odile alikuwa akipata kama euro elfu mbili kwa mwezi. Kwa umri wake, hakuna anayemwajiri katika bonde hili. Namuuliza atafanya nini.

"Malipo ya kuachishwa kazi yakiingia, nakata tiketi ya Marekani. Mzee akiweza, twende wote. Asipoweza, nitakwenda nije nimsimulie."

"Na huko utapanda nini?"

"Nitakodi gari. Watanipa la Kijapani, nitafanyaje?" Anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nitaliendesha polepole siku nzima, nilirudishe bila mkwaruzo. Kuna mtu huko kwao alilifunga, naye alitaka lipendwe."