Mbwa Aliyeitwa Karibu

Andika, mjukuu wangu, na usipunguze neno. Tangu umlete mbwa wako hapa kwangu Buzebazeba, anabweka kuanzia alfajiri, na majirani wamekwisha kuja kulalamika mara mbili. Jana ulinijia na simu yako ukanisomea namna ya kumfundisha anyamaze: apewe kitoweo anapotulia, asitazamwe anapobweka. Nilikukatiza kwa ukali, ukaondoka umenuna. Mimi sikuingia darasani hata siku moja, lakini elimu hiyo ninayo. Niliipata nikiwa na miaka kama tisa, kule Ujiji, na sijapata kumweleza mtu. Nawe unayesoma, kaa nami kidogo kama watu waliozoeana.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa karibu mno na ziwa, hata harufu ya dagaa ililala nasi. Asubuhi, mitumbwi iliporudi, tulibeba dagaa kwa mabeseni, tukawatandaza kwenye mchanga uliofagiwa, tukawageuza kadiri jua lilivyopanda. Mchana tulikula ugali wa muhogo na dagaa hao hao waliopikwa kwa mawese, midomo ikabaki myekundu hadi jioni. Mbwa wetu, mwekundu naye, sikio moja limechanika, alikuwa na kazi moja: kufukuza kunguru na mbuzi. Aliingia uani siku moja bila kuitwa na mtu, akalala kwenye jivu la jikoni, na bibi akamwita Karibu.

Jina hilo lilituletea vituko. Mgeni alipopiga hodi, bibi aliitikia, "Karibu!" na mbwa, akidhani ameitwa, alitoka mbio akibweka, mgeni akarudi barabarani bila viatu. Jirani mmoja alikuwa akisema, "Nyumba hii, anayefukuza wageni ndiye Karibu!"

Ukuta wetu ulipakana na chuo cha Kurani. Siku moja mwalimu wa chuo, mtu mrefu, mpole, mwenye kanzu iliyofifia, alikuja kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Wanafunzi wangu ni ishirini. Huyu wa ishirini na moja sikumwandikisha, lakini ndiye anayesoma kwa sauti kuliko wote."

Bibi alicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema kwa adabu kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama na mbwa yu vile vile, anaomba apelekwe mbali. Sisi hatukuwa Waislamu, lakini bibi alimheshimu sana jirani yake. Akakata shauri: asiponyamaza, atapandishwa mashua hadi Kagunga kwa shangazi. Kagunga, kwangu, ilikuwa mwisho wa dunia. Nililia, nikashika magoti ya bibi, nikaapa kumfundisha mimi mwenyewe.

Nilificha dagaa mkavu ndani ya ngumi. Mbwa alipobweka, nilimgeuzia mgongo. Nilisema "hora", neno la Kiha ambalo mama humtuliza nalo mtoto anayelia, na aliponyamaza, japo kwa pumzi moja, nilifungua ngumi. Siku za kwanza alidhani hora ni jina la dagaa, akazidi kubweka ili nilitamke. Nilivumilia. Hatimaye alielewa, akawa anawafukuza kunguru kwa miguu tu, kinywa kimefumbwa. Hata nilipolisema neno lile kwa mbali, naye hanioni, alikoma papo hapo. Mwezi ulipoandama, mwalimu alisimama mlangoni petu akaniambia, "Binti, umenishinda. Wangu mimi bado wanapiga kelele." Nilivimba kichwa kwa wiki nzima.

Asubuhi moja ya mfungo ule nilipita nyuma ya chuo, beseni la dagaa kichwani. Mafundi walikuwa wamechimba huko shimo la choo, wakaliacha limefunikwa kwa mabati chakavu. Watoto ndani walikuwa wakisoma. Nikasikia mbweko mmoja, kisha wa pili, hafifu, kama unatoka mbali. Beseni lilikuwa zito na shingo iliniuma, sikugeuka. Nikasema, "Hora."

Akanyamaza. Nami nikaenda zangu, nikifurahia utii wake.

Mchana ikanyesha mvua kubwa, tukakusanya dagaa mbiombio, wala mbwa hakuonekana. Nilimtafuta siku mbili ufukoni nikiita, "Karibu! Karibu!" Wanawake walioanika dagaa wakanitania, "Karibu wapi, mtoto? Umetupikia nini?" Siku ya tatu niliingia chuoni bila hodi wala shikamoo, nikamwambia mwalimu mbele ya wanafunzi wake, "Umempeleka Kagunga!"

Hakunikemea. Alisema, "Binti, ningempelekea nini? Mwezi huu wote sijamsikia."

Sijamsikia. Mimi nilikuwa nimemsikia. Nilikimbia nyuma ya chuo, mwalimu akanifuata. Bati moja lilikuwa limeteleza, na chini palikuwa na maji ya mvua. Mwalimu alifunga kanzu kiunoni, akashuka kwa ngazi yeye mwenyewe, akampandisha Karibu, amekwisha kufa, akiwa amemkumbatia kifuani. Kisha, kama dini yake ilivyomtaka, akajitoharisha mara saba, mara moja kwa udongo, bibi, aliyetufuata mbio, akimmiminia maji kwa kata.

Bibi aliniuliza, "Hakubweka hata kidogo? Wewe hupita hapa kila siku."

Nikajibu, "Sikumsikia."

Tangu siku hiyo bibi hakumwambia tena mgeni karibu. Hodi ilipopigwa, alijibu, "Pita." Mama yako alilipata neno hilo kwangu, nawe ukalipata kwake, na uliwahi kuniuliza kwa nini kwetu mgeni haambiwi kama anavyoambiwa kwa watu wengine. Nilikujibu kwamba watoto hawaulizi ovyo. Sasa umejua.

Bibi alikufa akiamini kwamba mbwa wake hakuita. Mwalimu naye alitangulia. Mahali pa chuo pana maduka, na mchanga tulioufagia umemezwa na ziwa. Nilipopelekwa mwaka jana kuuangalia, nilionyeshwa maji. Nyumba nzima iliyojua sauti ya mbwa yule nimebaki mimi peke yangu, na sauti ninayoikumbuka ni ile mibweko miwili.

Majirani nitawaendea mimi, nitawaomba radhi. Ni kazi yangu, si yako. Wako huyo anabweka tena, unamsikia? Weka kalamu chini, uende ukatazame anachobwekea.